Penseli Barazani



Vyuo vyetu vinavyofundisha usanifu wa majengo vina desturi ya kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka katika mji mdogo, kila mmoja na daftari lake lisilo na mistari, penseli mbili tatu, na agizo moja tu: chora unachokiona. Rula inaachwa nyumbani. Hapa Kenya mji unaopendwa mno kwa kazi hiyo ni Lamu, na msimu wa kaskazi nilipata nafasi ya kuandamana na kundi moja la vijana wa mwaka wa pili. Tangu niliporudi nimekuwa nikisikia lawama. Watu wazima, wengine wao walimu, wanauliza kama safari hizi si utalii unaolipiwa karo. Wanasema simu imo mfukoni na inapiga picha mia kabla hujameza mate. Vipo vifaa vinavyopima ukuta kwa mwali wa mwanga. Basi ya nini kumkalisha kijana nusu siku juu ya jiwe akishindana na kifutio?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Ni kweli kwamba wapo wanaotalii. Katika kila kundi hawakosi vijana wanaochora jahazi moja asubuhi, kisha wakashika njia ya Shela kwenda kuogelea. Hao tuwaachie mwalimu wao. Mimi nataka kuzungumza juu ya wale waliokaa.

Siku ya kwanza karibu wote walichora milango, na nani awalaumu? Mlango wa Lamu una miimo iliyonakshiwa, una kizingiti cha juu kilichojaa maua, una mfaa wa katikati unaozipokea mbao mbili zinapofungwa. Mgeni akiuona anasimama tu. Lakini mlango huo umeshachorwa, umepigwa picha, umetiwa kwenye fulana na vikombe vya chai, hata haumlazimishi tena mtu kutazama. Vijana walichora walichokuwa wamekijua kabla ya kupanda boti ya Mokowe. Jioni, juu ya paa la nyumba ya wageni, mwalimu wao, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliyapitia madaftari yote, akayarudisha, akasema kuanzia kesho milango ni marufuku. Chora kilichoko mbele ya mlango, au nyuma yake, au mtu aliyeuegemea.

Wengine walinuna. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa agizo la maana kuliko yote ya safari ile.

Mbele ya mlango wa Lamu pana daka. Msikilizaji ambaye hajafika huko afikirie nafasi ndogo iliyoingizwa katika unene wa nyumba, imeezekwa, imeinuliwa kidogo kutoka njiani, na kila upande ina baraza ya mawe iliyopigwa lipu ya chokaa. Hapo ndipo mgeni anapobisha hodi na kungoja. Hapo ndipo mambo ya biashara, ya ndoa na ya siasa yanapozungumzwa na watu ambao hawana haja ya kuingia ndani. Kijana mmoja wa kutoka bara alichagua daka lililokuwa na mzee anayeshona kofia, zile kofia za mkono ambazo wanaume wa Lamu huzishona miezi na miezi. Alitoa salamu, akaomba ruhusa, akapewa. Akachora. Alipomaliza alimwonyesha mzee, na mzee akaitazama ile karatasi kwa makini yaleyale aliyokuwa akiitazamia sindano yake.

"Mwanangu," akasema, "hapa umenikalisha kama abiria wa matatu."

Kijana hakuelewa. Mzee akamwambia apande akae. Alipokaa ndipo alipoona: kwenye mchoro wake baraza ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu, miguu ya mzee inaning'inia. Baraza yenyewe ilikuwa na kina cha kumtosha mtu kukunja miguu, kuegemea ukuta, kuweka kikombe cha kahawa pembeni na bado akabaki na nafasi ya uzi wake. Mzee akanyoosha mkono, akapima kwa dhiraa, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Akapima upana wa baraza, akapima na urefu wake kutoka sakafuni. Kisha akaeleza kwamba zile baraza mbili zimetengana kiasi cha watu wawili kusemezana bila kupaza sauti, na bila magoti kugusana. Waliozijenga walikuwa wakipima kwa shubiri, kwa dhiraa na kwa pima, yaani kwa viungo vya mwili, ndiyo maana mwili unazikubali.

Kijana akafungua ukurasa mwingine akaanza upya. Sasa niambie, msikilizaji, simu ingemsahihisha nani? Angepiga picha yake, angesema ahsante, angekwenda zake, na picha ingekuwa sahihi kabisa. Baraza ingeonekana ilivyo. Lakini yeye asingejua kwa nini iko vile, na mzee asingekuwa na cha kukosoa. Mchoro wenye kasoro ndio uliomfanya mzee aache sindano.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro unalipata kwa sababu tu hauna haraka. Yule kijana alirudi kwenye daka lile asubuhi, adhuhuri na alasiri, akachora mara kadhaa kwenye ukurasa mmoja, juu na chini. Asubuhi na mapema pana beseni la mahamri na msichana anayeyauza. Saa nne jua limegeuka, kivuli kimehamia baraza ya kulia, na watu wamehamia nacho. Adhuhuri hamali amelala chali, kapu lake limemfunika uso. Baada ya swala ya alasiri wazee wamerejea, muuza kahawa amepita na dele lake, na watoto waliotoka madrasa wamekaa kwenye vidato kwa sababu barazani hapana nafasi. Mahali pale ni padogo mno. Mwanafunzi wa usanifu akiulizwa darasani panatumika kwa nini, atajibu kwa jina moja: lango, au sebule ya nje. Sasa alikuwa na ukurasa unaoonyesha duka, chumba cha kulala, mkahawa na shule, yote ndani ya dhiraa chache za chokaa.

Nyuma ya mlango ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo.

Nyumba kongwe ya mawe ya Lamu imepangwa kwa sitara. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo unaokugeuza, ili anayepita njiani hata mlango ukiwa wazi aone ukuta tu. Kisha unatokea kiwandani, uwanja ulio wazi kwa mbingu. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine: msana, kisha ndani, na katika nyumba kubwa ndani kabisa ni nyumba kati. Kila hatua unapanda kidogo na mwanga unapungua. Chumba cha ndani ndicho chenye zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa ukutani, vilivyokuwa vikiwekwa vyombo vya kauri. Haya yote yamo vitabuni. Wanafunzi walikuwa wameyasoma kabla ya kufika.

Yasiyokuwamo vitabuni ni nani anayeruhusiwa kufika wapi. Wavulana katika kundi lile walisimamishwa barazani, kwa heshima na kwa kahawa, lakini walisimamishwa. Wachache walifika tekani. Wasichana waliitwa ndani na wenyeji wa kike, wakavua viatu, wakala, wakaulizwa kwao ni wapi na kama wameolewa, halafu ndipo wakaachiwa wachore. Jioni karatasi zilipotandazwa juu ya paa zikawa ni nusu mbili za nyumba. Ya wavulana ilikuwa na njia, daka, baraza, mlango, kisha weupe wa karatasi. Ya wasichana ilianzia kiwandani ikaishia chumba cha mwisho, na lile daka la mbele lilikuwa limechorwa kwa mistari miwili ya haraka kwa sababu walipita tu. Hakuna aliyeweza kuipata nyumba nzima mpaka karatasi zibandikwe pamoja. Mwalimu hakuhitaji kutoa mhadhara wa sitara. Mipaka ilikuwa imejichora yenyewe.

Msichana mmoja aliketi na bibi mwenye nyumba jikoni. Bibi alimwambia mapema: "Mimi usinitie humo. Tia mbuzi yangu." Yule msichana, ambaye kwao ni Kisumu, alidhani anatafutiwa mnyama. Bibi akacheka, akamsogezea kiti kifupi cha mti chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Kikachorwa upande, kikachorwa mbele, na katika kukichora ikaonekana kwamba mti wa kukalia umelika upande mmoja kuliko mwingine, kwa kuwa bibi hukalia paja la kulia wakati wote. Kutoka kwenye mbuzi akaenda kwenye dirisha dogo linalotoa moshi, kutoka dirishani akaenda kwenye birika la maji la msalani, lile ambalo ndani yake hufugwa visamaki wadogo ili wale viluwiluwi wa mbu. Mfumo mzima wa maji na afya wa nyumba, umechorwa na mtu aliyeombwa achore mbuzi.

Kisha kuna boriti. Wanafunzi hawa wamezoea kuchora dari kwa kubonyeza kitufe; mstari wa juu unatokea na kazi imekwisha. Dari ya Lamu haikubali. Ni boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, na juu yake vipande vya matumbawe na chokaa, na ukitaka kuichora huna budi kuchora boriti moja moja. Ndipo macho yanapoanza kuhesabu. Kijana mmoja aliyechora dari katika nyumba tatu tofauti, ya tajiri wa zamani, ya mtu wa kati na moja iliyokwisha kubomoka nusu, alikuja akalalamika kwamba michoro yake haina tofauti, vyumba vyote vina upana uleule. Fundi mmoja mzee wa kuaka, aliyekuwa akitengeneza ukuta jirani, alimjibu kwamba boriti ya mkoko inabeba uzito vizuri ikiwa kiasi cha mita 2.5 hadi karibu mita 3. Zaidi ya hapo inapinda. Basi tajiri wa Lamu aliweza kukirefusha chumba atakavyo, akakichonga zidaka, akakijaza kauri za Uchina, kukipanua hakuweza. Umaridadi wote wa vile vyumba virefu vyembamba umetoka kwenye urefu wa mti mmoja.

Na mti huo haukuishia Lamu. Kwa karne nyingi majahazi yaliondoka na kusi yakiwa yamejaa boriti kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti ni adimu, na huko pia nyumba za zamani za pwani zina vyumba vya upana huohuo, kwa sababu hiyohiyo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, lakini nyumba zilikuwa zimekwisha kujengwa. Yule kijana alipoambiwa haya aliirudia michoro yake mitatu kwa furaha, akaandika pembeni yake kipimo cha boriti. Hilo ni somo la muhula mzima, na limetokana na uchovu wa kuchora vitu vinavyofanana.

Nigeukie watu, maana kuchora watu ni mtihani mgumu kuliko kuchora nyumba.

Wa kwanza kufika ni watoto. Ukifungua daftari Mkunguni, ule uwanja wa mbele ya Ngome, huna dakika mbili kabla hawajakuzunguka, kila mmoja anataka atiwe, kisha anabisha kwamba pua yake si ile. Hawa ni wakosoaji wasio na huruma na ni wazuri sana kwa mwanafunzi. Watu wazima wana mambo yao. Wapo wazee ambao kwa itikadi yao ya dini hawapendi sura ya kiumbe ichorwe, na wakisema hivyo maneno yameisha. Wala si mahali pa kijana wa mwaka wa pili kuwajadili fiqhi. Walioheshimu hilo walijifunza kuchora mgongo, mikono, namna mtu anavyochuchumaa kuchagua samaki, namna buibui linavyopeperushwa kwenye kona ya njia upepo wa bahari unapoingia. Michoro ya mikono ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko ya nyuso, kwa maoni yangu, kwa kuwa mkono hauwezi kutulia uchorwe bila kufanya kazi.

Hapa inafaa kumkumbuka Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, lakini kabla ya hapo alikuwa mchoraji, na miaka ya mwisho ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya kimila. Alichora mamia. Nyingi ya picha hizo zimo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na mkono wake ulikuwa mkono hodari. Shanga zinahesabika, ngozi zinaonekana uzito wake. Lakini tazama nyuma ya hao watu: mara nyingi pana karatasi tupu. Hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna mzigo. Mtu amevalishwa vizuri akasimamishwa awakilishe kabila lake. Nilipokuwa nikipekua daftari za vijana wale, ambazo kwa ufundi hazifiki hata robo ya kazi ya Adamson, nilimwona hamali wa gatini akisukuma mkokoteni wa magunia ya saruji, nikaona ukuta wa kulia na wa kushoto, na nikaona imebaki shubiri moja kila upande. Punda aliyebebeshwa mawe yaliyotoka Manda anakuja kutoka upande wa pili. Nani atampisha nani? Jibu limo kwenye mchoro: pana daka, na hamali amekwisha kuligeuzia mkokoteni. Mtu huyu hawakilishi kabila lolote. Yuko kazini, na kazi yake inaeleza upana wa njia.

Kuchora papo hapo si jambo lililozuliwa na vyuo vyetu. Le Corbusier, kabla hajawa jina kubwa, alisafiri mwaka 1911 hadi Istanbul na Athens akijaza madaftari ya mfukoni, na alichota humo maisha yake yote. Karibu na zama zetu, mwaka 2007, mchoraji wa gazeti huko Seattle, Gabriel Campanario, alianza kuwakusanya watu wanaochora miji yao wakiwa njiani, na leo mtandao huo wa wachoraji umeenea miji mingi ya dunia. Sharti lao kubwa ni kuchora ukiwa hapo hapo, ukiangalia kitu chenyewe. Naliheshimu sharti hilo. Ila wengi wao huchora kwa ajili ya raha, na mwanafunzi wa usanifu ana deni zaidi ya raha: kesho atakuja kubomoa au kujenga.

Na kwa kuwa atakuja kubomoa au kujenga, lazima achore yote yaliyopo, hata yasiyopendeza. Jambo hili lilizua ubishi. Wanafunzi kadhaa walikuwa wakichora njia za mtaa wa Mkomani na kuziacha nyaya za umeme, matangi ya plastiki meusi juu ya mapaa, vibao vya nyumba za wageni, mifereji ya maji machafu inayopita pembeni. Ukiyaondoa hayo unabaki na kadi ya posta. Mwalimu aliwaagiza wayarudishe yote. Mmoja akauliza, je, si tulikuja kujifunza mji wa kale? Akajibiwa kwamba mji wa kale unakunywa maji leo. Maji hayo hutoka kwenye visima vya mchanga wa Shela. Yakifika yanahitaji tangi. Na tangi lina uzito juu ya boriti zilezile tulizozitaja. Asiyelichora tangi hatajua kwa nini dari imeanza kulegea.

Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mojawapo ya sababu ni kwamba watu bado wanaishi humo. Punda bado wanabeba, na tangu miaka ya 1980 wana zahanati yao. Lakini pikipiki nazo zimefika kisiwani, na ubishi wa wapi zipite na wapi zisipite unasikika katika kila baraza. Upande wa bara, Kililana, gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Vijana wa Lamu wanajadili ajira, wazee wanajadili njia za samaki. Mwanafunzi anayetaka kuchora mji huu na akaichora tu Ngome iliyomalizika mwaka 1821, amechora nusu ya habari. Ninayemsifu mimi ni yule aliyekwenda Langoni, upande wa nyumba za makuti ambazo watalii hupita mbio, akachora banda la fundi pikipiki lililoegemezwa kwenye ukuta wa matumbawe. Paa la makuti, karai la mafuta machafu, na kibaraza kilichojengwa upya kwa saruji, kwa kina kilekile cha kukunja miguu. Fundi ana miaka ishirini na kitu. Hakuna aliyemfundisha dhiraa.

Sasa nije kwenye kinachonikera.

Usam Ghaidan, aliyeuchunguza mji huu kwa kipimo na mchoro miaka ya 1970, alitoa kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1975. Baada yake Francesco Siravo na Ann Pulver waliandaa mpango wa kuuhifadhi mji, uliochapishwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1986. Kazi hizo zilisimama juu ya michoro: nyumba kwa nyumba, njia kwa njia. Bila ya hiyo michoro kusingekuwa na hoja ya kupeleka mbele ya serikali wala mbele ya dunia. Ilichorwa na watu waliokaa. Tangu wakati huo makundi kwa makundi ya wanafunzi yamepita Lamu, na kila kundi limeondoka na madaftari yaliyojaa. Yako wapi? Yalitiwa alama, mwenye nayo akafaulu, kisha yakaingia sandukuni chini ya kitanda huko Nairobi, Juja au Mombasa. Mji umetoa muda wake, kahawa yake, ruhusa yake ya kuingia ndani, na haujabakiwa na karatasi hata moja.

Hii si haki, na inadhuru hata elimu yenyewe. Daka lililochorwa mwaka fulani lingewekwa kando ya mchoro wa daka hilohilo miaka kumi baadaye, tungejua kimebadilika nini: tangi limeongezwa lini, baraza imevunjwa lini ili mlango wa duka upanuliwe, kivuli kimehamia wapi baada ya jirani kujenga ghorofa. Kwa mji unaobadilika kwa kasi hii, hizo ni kumbukumbu ambazo hakuna ofisi inayoziandika.

Kwa hiyo kwa wale wanaouliza kama safari hizi zifutwe, jibu langu ni la: zisifutwe, na wala zisifupishwe ziwe za siku mbili za kupiga picha. Lakini nina ombi kwa wakuu wa idara za usanifu majengo. Mnapoandika bajeti ya basi, boti na malazi, ongezeni fedha ya kutoa nakala. Kabla kundi halijaondoka, kila mwanafunzi apite tena kwa waliomruhusu kuchora, awaachie nakala yao: mzee apate baraza yake, bibi apate mbuzi yake, fundi pikipiki apate banda lake. Na seti moja kamili, yenye tarehe na jina la mtaa nyuma ya kila karatasi, ikabidhiwe maktaba iliyomo ndani ya Ngome. Mashine ya kutoa nakala iko hapo mjini, na gharama yake kwa kundi zima ni ndogo ukiilinganisha na ya safari yenyewe.